Mtumba au "Thrift"? Wabongo Wanalipia Nguo au Wanalipia Neno?

Shuka daladala Bunju jioni uone. Kabla hujavuka barabara ya Bagamoyo masikio yameshajaa: bei chee! bei poa! bei ya kutupa! chagua jero, chagua buku! Nguo zimemwagwa kwenye turubai, unainama, unachambua, unalipa, unasepa. Hakuna siri hapo, bei imetajwa kwa sauti mtaa mzima umesikia.

Sasa ingia Instagram. Blauzi ileile ya kwenye belo la Karume imefuliwa, imepigwa pasi, imepigwa picha kwenye ukuta mweupe. Haiitwi mtumba tena, inaitwa "thrift". Bei? "Njoo DM mpenzi." Ukifika huko, blauzi ya buku mbili imekuwa elfu 25, na bado unaambiwa hiyo ni "bei rafiki". Rafiki wa nani?

Kuna staa mmoja wa kike, jina kapuni, aliwahi kumcheka mwenzake mtandaoni eti kavaa mtumba. Leo yeye ndo anauza "thrift", na waliocheka naye wako kwenye foleni ya oda. Nguo ni ileile, kilichobadilika ni neno.

Tuelewane, faida sio dhambi. Dada anayeamka alfajiri kugombania belo, akafua, akapiga pasi na kulipa boda, ana haki ya kupata chake. Tatizo ni pale neno linapotumika kuficha bei au kudanganya. Ile "ilikuwa 60,000, sasa 25,000 tu" wakati haijawahi kuuzwa 60,000 hata siku moja, hiyo sio ofa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja, na haijasema wa Insta wasamehewe.

Na hii aibu ya mtumba imetoka wapi? Mtumba maana yake ni furushi tu. Wazee walizitania "kafa ulaya", kwamba mwenyewe alishakufa huko Ulaya, na bado walizivaa mpaka harusini. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana mitumba iondolewe taratibu ndani ya miaka mitatu. Miaka imepita na Karume watu bado wanabanana, kwa sababu hiyo ndiyo nguo ambayo mfuko wa wengi unaiweza.

Kwa hiyo muuzaji, andika bei pale pale kwenye picha. Na wewe mnunuzi, kabla hujatuma msimbazi wako mbili na nusu, jiulize kama ungelipa hela hiyo ukiikuta imelala kwenye turubai pale Bunju.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Nguo gani ya bei chee uliinunua, watu wakakuuliza umeitoa duka gani, na uliwajibu ukweli?