Mwari wa Miaka 30

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye harusi ya binti ami yangu, Mtambwe. Gunia la mchele wa biriani nililinunua mimi. Turubai nililikodi mimi huko Wete, na gari lililobeba viti nikalilipia mimi. Usiku, bibi harusi alipokwisha kusingwa na kukalishwa kitandani, somo, yaani kungwi wake, aliingia akajifunga kanga kiunoni, akawatazama walioketi mkekani, akasema: "Wari, nje."

Nikainuka. Niliinuka pamoja na wasichana wanne, mmoja wao mwanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu. Mke wa kaka yake bibi harusi, ambaye ana miaka 19, alibaki ndani akimnyonyesha mwanawe, kwa kuwa mazungumzo yale yalikuwa ya watu wazima. Barazani tukapewa vitunguu tumenye. Mwanafunzi wangu akanipisha kibao chake bila kuinua uso. Nadhani aliona haya kwa ajili yangu.

Wiki sita zijazo, Mungu akipenda, nitatimiza miaka 30. Tangu usiku ule nimekuwa nikijiuliza ninaogopa nini hasa.

Umri wenyewe, huku Pemba, una hesabu zaidi ya moja. Cheti changu cha kuzaliwa kinafuata jua. Mama anafuata mwezi: anachojua ni kwamba nilizaliwa mfunguo sita, siku chache baada ya kusomwa Maulidi. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku 11 hivi, kwa hiyo kwa hesabu ya mama nilitimiza 30 kiasi cha miezi tisa iliyopita. Siku ile ilipita bila mtu kushtuka. Nilikwenda skuli, nikasahihisha madaftari, nikarudi nyumbani. Marehemu babu, mkulima wa mpunga, alifuata hesabu ya tatu, ile ya Nairuzi: mwaka wa siku 365 unaogawiwa miongo 36 ya siku kumi kumi, kisha siku tano za kumalizia. Ilimtosha kujua majira ya kupanda na kuvuna. Miaka ya watu aliihesabu kwa mambo yaliyotokea, kabla ya Mapinduzi na baada ya Mapinduzi, au mwaka ule karafuu ilipozaa mpaka matawi yakavunjika.

Serikali nayo ina yake. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya 2007, sawa na Mkataba wa Vijana wa Afrika wa 2006, inamtambua kijana kuwa ni mtu wa miaka 15 hadi 35. Kwenye makaratasi bado nina miaka mitano ya ujana. Mtaani nimechelewa tangu nina 25.

Kumbe si namba inayonitisha. Kinachoniuma ni neno alilolitumia somo. Mwari, kwetu, ni msichana aliyevunja ungo na hajaolewa, na neno hilo halina mwisho wa umri. Unaweza kuwa na mshahara, ukawa unasomesha wadogo zako wawili na kulipa umeme wa nyumba nzima, ukabaki mwari. Mwanamume wa miaka 30 asiyeoa huitwa kapera, huhimizwa atafute mke, na wakati mwingine huchekwa. Lakini sijaona kapera akitolewa kikaoni. Hukaa na wazee, na akisema husikilizwa.

Tazama hata kwenye ndoa yenyewe. Katika fikihi ya Kishafii, ambayo ndiyo madhehebu ya wengi wetu pwani, ridhaa ya bikira hutambulika kwa kunyamaza kwake, ilhali mwanamke aliyewahi kuolewa ni lazima atamke kwa ulimi wake. Maana yake ni kwamba mtalaka wa miaka 20 huulizwa na kungojewa ajibu, na mimi wa miaka 30 nikiinamisha kichwa yatosha. Silitaji hili kwa kuikosoa dini yangu. Hukumu ile ilizingatia haya ya msichana asiyeweza kutamka mbele ya baba yake, na ni huruma kubwa. Ila hakuna sheikh atakayesema ni haramu kumsubiri mwanamke mzima aseme "nimekubali" au "sitaki". Ni sisi tuliozoea kunyamaziwa.

Nimtendee haki mama, maana wanaoandika juu ya haya huwageuza mama zetu kuwa maadui. Usiku mmoja, tukichambua mchele, nilimuuliza kwa nini kila posa ikivunjika analia yeye kuliko mimi. Akasema: "Mwanangu, maneno ya watu mie yashanipita. Naogopa siku nitakayofukiwa. Utalala kwa nani?"

Swali lake ni zito, na sina jibu la haraka. Nyumba tunayokaa ni ya marehemu baba. Kaka zangu watatu wana wake na watoto, na mwanamke asiye na mume wala mtoto, akizeeka katika nyumba ya kaka, huwa mgeni wa wifi yake. Hofu ya watoto nayo ina ukweli: uwezo wa mwanamke kushika mimba hupungua kadiri miaka inavyokwenda, na hupungua kwa kasi zaidi baada ya 35. Anayeniambia nisijali hayo hanisaidii, na mimi nataka watoto. Lakini hofu hiyo hiyo ndiyo inayowasukuma mabinti kukubali mtu yeyote anayebisha hodi, wakarudi kwao mwaka wa pili na mtoto mgongoni na talaka mkononi.

Na tuulize, kwa nini tumechelewa? Wapo wanaosema nyota zetu zimefungwa. Mama alinipeleka kwa mzee mmoja nikaandikiwa kombe, nikalinywa, kwa kuwa ni maneno ya Mungu na kwa kuwa mama alikuwa akinitazama. Ila sababu nyingine zinaonekana kwa macho. Katika skuli za sekondari za Zanzibar wasichana sasa ni wengi kuliko wavulana. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kina tawi hapa hapa, Mchangamdogo. Aliyemaliza shahada na miaka 24, akangoja ajira miaka mitatu, ameshafika 27 kabla hajapokea mshahara wa kwanza. Na vijana wa kiume wengi wameondoka: Unguja, Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, Omani. Aliyebaki anangoja msimu wa karafuu, na karafuu haizai sawa kila mwaka. Mahari huenda yasimshinde. Kinachomshinda ni kitanda, kabati na makochi ambayo watu watakuja kuyatazama. Tumewasomesha mabinti na tumeifanya ndoa kuwa ghali, kisha tunamuuliza binti peke yake: "Waolewa lini?"

Wenye nia njema hutufariji kwa mifano. Bi Khadija, wanasema, alikuwa na miaka 40 alipoolewa na Mtume, rehema na amani zimshukie, ingawa zipo riwaya zinazotaja 28. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba yapata 1880, alihamia mjini Unguja 1911 akiwa ameshapita 30, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi nyimbo zake. Ni mifano inayotia moyo, na mimi mwenyewe nimeitumia darasani. Lakini Bi Khadija alikuwa mjane, na Siti alikuwa ameshaolewa na kuachika. Wote wawili walikwisha kuupita mlango ule, na baada ya hapo dunia ikawaruhusu kuwa watu wazima. Mfano wa mwanamke aliyepewa utu uzima bila kuolewa kwanza, nautafuta bado.

Tulidhani fedha zingetosha. Mwani ulipoanza kulimwa kibiashara Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980, wakulima wake wengi walikuwa wanawake, na hapa Pemba bati nyingi za vijijini zimetokana na migongo yao iliyoinama majini maji yakitoka. Lakini aliyeezeka nyumba kwa fedha za mwani, kama hajaolewa, bado ataambiwa atoke nje.

Ninayoyataka yanawezekana. Mirathi ikatwe. Fungu la binti ni nusu ya fungu la kaka yake, na hilo sina mjadala nalo, ni amri. Ninacholalamikia ni ile nusu yenyewe kutotolewa, dada akaambiwa mikarafuu ibaki pamoja chini ya kaka, naye ataletewa chochote msimu ukifika. Mwanamke mwenye mikarafuu yake inayojulikana mipaka, na chumba chake kilichoandikwa, atakuwa na pa kulala siku mama atakapofukiwa. Na posa ikija, ataipima kwa utulivu. Mama na kaka zangu nimewaomba tukae kwa Kadhi kabla ya msimu. Kaka mkubwa amekubali. Wa pili ameniuliza kama nimepata mume wa kunishauri haya.

Mdogo wangu wa mwisho ataolewa mfunguo tatu, na somo atakuwa yule yule, kwani ni shangazi yetu. Juzi nilimfuata kwake nikamkuta anasuka ukili, nikamwamkia, nikamwambia mapema ili asije akaona nimemvunjia heshima mbele za watu: "Shangazi, safari hii mie ntakaa ndani." Alisuka mpaka akaufikia mwisho wa mkunjo, akauweka ukili mapajani, akanitazama usoni kwa muda mrefu. Hajanijibu bado.