Uzi Mwekundu na Mkasi Usiochorwa

Nchini Hispania kuna kitabu kimoja cha picha ambacho kimekwisha kuchorwa mara nyingi, kwa mikono tofauti na kwa majina tofauti. Ukurasa wa kwanza unaonyesha mume na mke katika nyumba yenye chumba kitupu. Ukurasa wa pili wanaitazama ramani ya dunia. Kisha simu inalia, ndege inapasua mawingu, na katika ukurasa unaofuata mtoto mwenye nywele nyeusi yumo mikononi mwao. Kwenye kidole chake umefungwa uzi mwembamba mwekundu, uliovuka milima na bahari hadi kwenye vidole vya wale wawili. Mtoto anaambiwa kwamba alikuwa wao tangu mwanzo, ila tu walichelewa kukutana.

Nimesoma vitabu kadhaa vya namna hii na sitataja hata kimoja, kwa kuwa ugomvi wangu hauko na mchoraji mmoja. Wachoraji wa Hispania ni mahodari, rangi zao zinapendeza, na mapenzi wanayoyachora ni ya kweli. Ugomvi wangu ni na ukurasa usiokuwepo. Kabla ya chumba kile kuwa kitupu, kulikuwa na mwanamke aliyebeba mimba, akajifungua, kisha kwa sababu fulani hakubaki na mwanawe. Kitabu kinachodai kumweleza mtoto alikotoka, kisha kikaianza hadithi yake uwanja wa ndege, kimemfuta mwanamke huyo. Nami nashikilia kwamba ufutaji huu ni tendo la kisiasa, hata unapofanywa kwa nia njema na kalamu za rangi.

Tuanze na uzi wenyewe. Umetoka katika hekaya ya Kichina, iliyosimuliwa tangu enzi ya Tang, ya mzee aketiye chini ya mbalamwezi, aitwaye Yue Lao. Mzee huyo huwafunga kwa kamba nyekundu mwanamume na mwanamke walioandikiwa kuoana. Hiyo ni hekaya ya ndoa, na mzee yule ni mshenga. Walioigeuza kuwa hekaya ya kuasili watoto ni wazazi wa nchi za Magharibi waliokwenda kuchukua watoto China, na wachoraji wakawafuata. Tazama basi kilichopotea katika ugeuzaji huo. Uzi una ncha mbili, nao unatosha kwa ndoa, kwa maana ndoa ni ya wawili. Kuasili kuna watu wa pande tatu: mtoto, wanaompokea, na aliyemzaa. Ukichora kwa uzi wenye ncha mbili, lazima mmoja abaki nje ya picha, na anayebaki nje daima ni yule asiye na pesa ya kununua kitabu.

Nini kilimtenga mwanamke huyo na mwanawe? Kitabu kinajibu: majaliwa. Historia inajibu vingine. China iliendesha sera ya mtoto mmoja tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi 2015. Kulikuwa na faini zilizofilisi kaya za wakulima, kulikuwa na mimba zilizotolewa kwa shinikizo la maofisa, na kulikuwa na hamu ya kale ya kupata mrithi wa kiume. Wasichana wachanga wakaachwa sokoni na kwenye malango ya vituo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali iliwafungulia wageni mlango wa kuasili, na hadi ilipoufunga Septemba 2024, watoto zaidi ya 150,000 walikuwa wamekwisha kuupitia. Mwaka 2005 ilifichuka kwamba vituo vya watoto katika eneo la Hengyang, jimbo la Hunan, vilikuwa vikinunua watoto kutoka kwa walanguzi, kisha kuwakabidhi kwa wageni waliotakiwa kutoa mchango wa takriban dola 3,000 kwa kila mtoto. Mwaka uliofuata mahakama iliwahukumu wahusika. Sisemi kwamba kila mtoto alinunuliwa. Nasema kwamba palikuwa na mkasi, na mkasi huo ulikuwa na mpini, na mpini ulishikwa na watu wenye vyeo na mihuri. Mchoraji anayechora uzi bila mkasi amewasamehe wote hao kwa niaba ya mtoto ambaye hajaulizwa.

Vitabu hivi viliota katika udongo wake. Mwaka 2004 familia za Hispania ziliasili watoto 5,541 kutoka nchi za nje. Ni Marekani peke yake iliyochukua wengi zaidi. Taifa ambalo wanawake wake walikuwa wakizaa watoto wachache mno, na ambalo kizazi kimoja tu nyuma lilikuwa likiwapeleka vijana wake Ujerumani na Ufaransa kutafuta vibarua, lilikuwa sasa tajiri wa kutosha kupokea watoto wa wengine. Lilihitaji hadithi ya kujieleza. Nalo likachagua hadithi isiyokuwa na maskini ndani yake.

Ajabu ni kwamba hakuna taifa la Ulaya lililopaswa kuiogopa hadithi ya namna hiyo kuliko Hispania. Neno "wekundu" lina kumbukumbu nyingine huko. Ndilo jina walilopewa walioshindwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1936 hadi 1939. Daktari wa akili wa jeshi la Franco, Antonio Vallejo-Nájera, alifundisha kwamba itikadi yao ilikuwa dalili ya upungufu wa akili, na kwamba ingefaa watoto watengwe na wazazi wa aina hiyo. Wanawake walipokonywa watoto magerezani. Sheria ya Desemba 1941 iliruhusu watoto ambao wazazi wao hawakupatikana waandikishwe kwa majina mapya, na baada ya hapo mama angemtafutaje mtoto ambaye hata jina hana tena? Jaji Baltasar Garzón, katika uamuzi wake wa 2008, alitaja idadi ya watoto wapatao 30,000.

Siasa ilipopoa, mazoea yalibaki na yakawa biashara. Kwa miongo kadhaa, hata baada ya Franco kufa mwaka 1975, kina mama waliojifungulia katika baadhi ya hospitali waliambiwa kwamba watoto wao wamekufa, na wengi wao wanaamini hadi leo kwamba watoto hao walipewa watu wengine. Sheria nayo ilisaidia ukimya: hadi Mahakama ya Juu ilipotoa uamuzi mwezi Septemba 1999, mwanamke wa Hispania aliweza kujifungua bila jina lake kuandikwa katika daftari la vizazi.

Kesi ya kwanza ya watoto hawa kufika katika hukumu ilihitimishwa Madrid mwaka 2018. Mlalamikaji, Inés Madrigal, alizaliwa mwaka 1969 na akaandikishwa kana kwamba amezaliwa na mwanamke aliyemlea. Mahakama ilikubali kwamba daktari Eduardo Vela alihusika, lakini ikamwachia kwa kuwa muda wa kushtaki ulikwisha kupita. Mwaka uliofuata vipimo vya vinasaba vilimfikisha Madrigal kwa ndugu zake wa damu, na ikabainika kwamba mama yake mzazi alimtoa kwa hiari. Wako walioshangilia: kumbe hakukuwa na wizi! Mimi naona hoja inazidi kupata nguvu. Hata pale ambapo mama alikubali, cheti cha kughushi kilimfanya binti atafute kwa miongo, na alipofika, mama alikuwa amekwisha kufariki. Hiari ya mama haikumpa mtu yeyote haki ya kulifuta jina lake.

Kwa nini basi mtoto wa Kihispania mwenye uso wa Kichina au wa Kihabeshi apewe kitabu kinachofuta kile kile ambacho watu wazima wa nchi hiyo hiyo wanakililia mahakamani?

Najua pingamizi zitakazoletwa. Ya kwanza ni kwamba mtoto wa miaka minne hawezi kubebeshwa sera za uzazi na walanguzi wa Hunan. Ni kweli, na hakuna anayedai achorewe mahakama. Lakini watoto hao hao tunawasomea hadithi za mbwa mwitu anayemmeza bibi mzima, nao wanalala salama. Ukurasa mmoja unatosha: mwanamke amekaa mlangoni, tumbo lake limejaa, na maneno machache yanayosema kwamba huyu ndiye aliyekuzaa, na hakuweza kukulea, na tutakusimulia tunachokijua kadiri unavyokua. Kama hakuna kinachojulikana, achorwe kivuli, na pasemwe kwamba hatumjui lakini alikuwepo. Mtoto anaweza kuishi na swali. Kinachomvunja ni kugundua akiwa mtu mzima kwamba aliowaamini walilificha swali lenyewe.

Tazama maisha ya mwandishi Asha Miró. Alizaliwa India, akalelewa na watawa, na mwaka 1974 familia ya Barcelona ikamwasili. Alikua katika upendo, naye hajawahi kuukana. Hata hivyo mwaka 1995 alirudi India kuuliza, akaandika kitabu, na baadaye akarudi tena na kumpata dada yake wa damu, ambaye naye anaitwa Asha. Jina hilo kwa Kihindi ni tumaini. Je, kumpata dada kulimpunguzia mapenzi kwa waliomlea Barcelona? Hakukupunguza chochote. Moyo wa mtoto una nafasi kubwa kuliko wanavyodhani watu wazima wenye hofu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni la wazazi walioasili: sisi tulikesha naye alipougua, kwa nini ukurasa wa kwanza apewe mtu mwingine? Nawaelewa, na wahenga wetu wako nao: kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Lakini wahenga hao hao walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Methali hizi mbili zimeishi pamoja katika lugha yetu na hakuna iliyowahi kuiua nyenzake. Mlezi anayehitaji mama mzazi asiwepo ili yeye awepo, anaitegemeza nyumba yake juu ya nguzo dhaifu.

Sheria ya Hispania imekwisha kuvitangulia vitabu vyake. Sheria ya mwaka 2007 kuhusu kuasili watoto wa nchi za nje inampa mtoto haki ya kujua asili yake, na marekebisho ya 2015 yanaruhusu, pale inapofaa, mtoto aliyeasiliwa aendelee kuonana na jamaa zake wa damu. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 nao ulikwisha kusema kwamba mtoto anastahili, kadiri iwezekanavyo, kuwajua wazazi wake. Lakini sheria husomwa na mawakili, wakati kitabu cha picha husomwa kitandani kila usiku, na kinachosomwa kitandani ndicho hujenga taifa.

Tena lugha zenyewe zinatufundisha. Neno la Kihispania la tendo hili limetokana na Kilatini, na maana yake ya mzizi ni kujichagulia. Anayeonekana katika neno hilo ni mchaguaji. Sisi tunasema kuasili, na ndani ya neno letu imo asili. Mwacha asili ni mtumwa, na atakayemwachisha mtoto asili yake kwa kumficha amemfanyia nini? Waoromo wa Ethiopia wana desturi ya guddifachaa, ambapo mtoto huingia katika ukoo mpya bila kukatwa kutoka ule wa kwanza. Wazazi wengi wa Kiethiopia walipotia vidole gumba kwenye karatasi za wageni, wakiwemo Wahispania, walidhani wanaingia katika mapatano ya namna hiyo: mtoto atasoma, ataandika barua, siku moja atarudi. Karatasi zilisema vingine, kwa lugha wasiyoisoma. Bunge la Ethiopia lilipiga marufuku uasili wa wageni Januari 2018. Kenya ilikwisha kuusimamisha tangu Novemba 2014.

Marufuku, hata hivyo, hayamrudishii mtu jina lililokwisha kufutwa. Kwa hiyo wasomaji wangu ambao ni maafisa ustawi wa jamii na makarani wa mahakama wasidhani naandika habari za mbali. Kitabu cha picha cha Madrid au Barcelona hupata ukimya wake kutoka kwenye jalada, na jalada hujazwa na mtumishi wa umma katika wilaya fulani. Unapoandika "mzazi hajulikani" kwa kuwa jioni imeingia na kijiji kiko mbali, umeshika kalamu ya mchoraji bila kujua. Mchoraji hawezi kumchora mama ambaye wewe hukumwandika.

Nawataka wachoraji wa Hispania warudishe ukurasa wa kwanza. Nawataka walezi wausome kwa sauti, hata sauti ikitetemeka. Nawataka maafisa wetu waende kijijini, waulize jina la mama, jina la kijiji na sababu ya mtoto kutolewa, waviandike vyote kwa wino usiofutika, na wavitunze mahali ambapo mtu wa miaka thelathini, akija na pasi ya kigeni mkononi, atavikuta.