Neno la Mhariri: Walio Mwisho wa Mfereji

Mkulima wa Mwea hahitaji kuelezwa maana ya kuwa mwisho wa mfereji. Maji ya mito ya Thiba na Nyamindi yanapopungua, wa juu hupanda kwanza. Wa chini hungoja huku udongo mweusi ukipasuka. Skimu ya umwagiliaji ni ile ile na mchele wa pishori ni ule ule.

Intaneti nayo ina mfereji wake. Nyaya za baharini zilifika Mombasa mwaka 2009, na hapa Wang'uru, kando ya barabara ya Embu, mtandao unashika. Lakini sensa ya 2019 ilipouliza nani anaitumia intaneti, ni asilimia 22.6 tu ya Wakenya wenye umri wa miaka 3 na zaidi waliohesabiwa kuwa watumiaji: mijini 42.5, vijijini 13.7. Wanawake walikuwa nyuma ya wanaume.

Serikali haikuwangojea walio nyuma. eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ilianza 2014, na kufikia 2023 ikatangazwa kwamba huduma zaidi ya 5,000 zimehamia humo. Sasa mama anayetafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto na mkononi ana kabambe tu, simu ndogo ya vitufe, hupanda boda hadi saiba, duka la intaneti, mjini, akamsomea kijana asiyemjua nambari ya kitambulisho chake, na mara nyingi nywila pia. Analipa nauli, analipa saiba, kisha ndipo analipia cheti. Siwalaumu vijana wa saiba. Bila wao wengi wangekwama kabisa. Ninaloshutumu ni kwamba gharama iliyoondolewa ofisini imetwikwa mama huyu, naye hakuulizwa.

Tunaambiwa watu wa vijijini wanaogopa teknolojia. Sikubali. M-Pesa ilipoanza 2007, wauza mchele waliizoea bila kufundishwa darasani, kwa sababu ilikaa ndani ya laini, kwenye simu ya bei nafuu, bila bando. Walioibuni walimfikiria kwanza mtu wa mwisho wa mfereji. Tovuti za serikali zimemfikiria mwenye kompyuta na simu ya kupangusa.

Kila huduma ya lazima basi ipatikane pia kwa nyota na reli, yaani kwa kubonyeza * na # kwenye simu yoyote. Fomu isiyoweza kujazwa hivyo, ijazwe bila malipo katika ofisi ya chifu, palipo na kompyuta na mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo. Tumeahidiwa vituo vya kidijitali 1,450, kimoja kwa kila wadi. Katika wadi kama Murinduko na Mutithi, kijengwe mbali na lami, kwa wale ambao nauli ndiyo huwazuia.

Msomaji, kama unasoma toleo hili kwa bando lako mwenyewe, msomee na jirani. Na kikao cha maoni kuhusu bajeti kikiitishwa, simama uulize: kituo cha wadi yetu kiko wapi?