*KITI CHETU KILIKWENDA BILA KURA HATA MOJA: NENO LA TAWI KABLA YA UANDIKISHAJI*



Tangu juzi kuna ujumbe unazunguka kwenye makundi yetu: "Kujiandikisha kwa nini, wakati washindi wanajulikana?" Wengine wameweka vicheko, wengine vidole gumba, na makamanda wawili ambao tuliwategemea wasimamie vitongoji wameandika kwamba safari hii hawapo. Ofisi ya tawi inaheshimu hasira hiyo, lakini haiwezi kuiacha ipite bila jibu, hasa hapa Singida Mashariki, ambako habari ya kususa tunaijua kwa gharama.

Vijana wengi mliomo humu mlizaliwa jimbo hili likiitwa Singida Kusini, likiwa moja na ule upande wa Sepuka na Ihanja. Mwaka 1995, uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo urudi 1992, kijana wa miaka 27 kutoka Mahambe, Tundu Lissu, aligombea ubunge kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi. Akashindwa. Ukaja 2000, ukaja 2005, jimbo likabaki CCM, mbunge akiwa Mohamed Missanga. Mwaka 2010 jimbo likagawanywa, Mashariki na Magharibi, na ndipo Lissu akashinda Mashariki kupitia CHADEMA. Hesabuni wenyewe: miaka 15. Anayesema kiti hiki tulikiokota njiani hakuwapo, au alikuwapo lakini amesahau.

Na hata baada ya kukipata hatukuachiwa tukae. Ushindi ulipelekwa Mahakama Kuu, kesi ikaenda hadi Aprili 2012 ndipo ikatupwa. Mwaka 2015 tukarudi kwenye masanduku, tukashinda tena. Kiti hicho kwa mara mbili kililindwa na watu waliosimama foleni na mawakala waliokesha na fomu za matokeo mfukoni. Wengine wao leo ni wazee, wanalima alizeti zao, na hawajawahi kupewa hata asante hadharani. Tunaitoa hapa.

Sasa sehemu chungu. Tarehe 7 Septemba 2017 mbunge wetu alipigwa risasi Dodoma. Akapelekwa Nairobi, kisha Januari 2018 Ubelgiji. Tarehe 28 Juni 2019, akiwa bado nje kwa matibabu, Spika Job Ndugai akatangaza kwamba kiti kiko wazi, kwa maelezo kwamba mbunge hakumtaarifu kwa maandishi alipo na hakuwasilisha tamko la mali na madeni. Dunia nzima ilijua alipo, lakini hayo ndiyo yaliyosomwa bungeni. Tume ikapanga uchaguzi mdogo tarehe 31 Julai.

Uchaguzi huo haukufanyika. Siku ya uteuzi, 18 Julai, aliyekuwa amerudisha fomu ni mmoja, Ndugu Miraji Mtaturu wa CCM, ambaye kabla ya hapo alikuwa Mkuu wa Wilaya yetu ya Ikungi. Akatangazwa amepita bila kupingwa. Hakuna sanduku lililofunguliwa Mungaa, wala Siuyu, wala Makiungu, wala Issuna. Jimbo lililotuchukua miaka 15 likaondoka mchana kweupe, na watu wako shambani.

Tuseme ukweli kati yetu, maana huku ni nyumbani. Kuvuliwa ubunge hatukukufanya sisi. Lakini ile fomu hatukuichukua sisi. Chama kilikuwa kimeamua tangu 2018 kutoshiriki chaguzi ndogo, na sababu zilikuwapo, si za kitoto. Februari mwaka huo, wakati wa uchaguzi mdogo wa Kinondoni, mwanafunzi Akwilina Akwilini aliuawa kwa risasi akiwa ndani ya daladala, hata mwanasiasa hakuwa. Halafu zikaja Ukonga na Monduli. Aliyesema "basi" wakati ule hatumlaumu. Tunachosema ni kwamba ile "basi" haikumzuia mtu kuapishwa. Tarehe 3 Septemba 2019 mbunge mpya aliapa, na Bunge likaendelea na ratiba yake.

Jirani zetu wa Singida Kaskazini walitutangulia. Lazaro Nyalandu alijiuzulu Oktoba 2017 akaja kwetu, Januari 2018 chama hakikuweka mgombea, CCM ikachukua kiti. Nyalandu mwenyewe 2021 alirudi CCM. Wapigakura wa kule waliotaka mageuzi walibaki bila mgombea, na baadaye bila hata yule aliyewafuata.

Novemba 2019 tukasusa tena, uchaguzi wa serikali za mitaa, baada ya wagombea wetu wengi kuenguliwa. CCM ikapata zaidi ya asilimia 99 nchi nzima. Wengi humu walisema vijiji si kitu, tutakutana 2020. Tulikutana 2020 kweli. Lissu aligombea urais, Tume ikamtangazia kura 1,933,271, matokeo tuliyoyakataa na tunaendelea kuyakataa. Lakini ulizeni waliokuwa mawakala wa tawi hili ilikuwaje kuzunguka vitongojini bila mwenyekiti hata mmoja wa upande wetu. Mwenyekiti ndiye anayeandika barua ya utambulisho na ndiye anayejua nani ni mkazi na nani ameletwa. Ndiye anayetakiwa kuitisha mkutano na kusoma mapato na matumizi. Tulikwenda kutafuta ubunge na urais huku mlango wa nyumba tumewaachia wengine.

Kwa hiyo ofisi ya tawi inawaomba, na kwa viongozi wa misingi inaagiza.

Uandikishaji ni tarehe 11 hadi 20 Oktoba. *Kadi ya mpigakura uliyonayo haitoshi.* Orodha hii ni ya kitongoji, ni tofauti na Daftari la Kudumu, kila mmoja anakwenda kuandikwa upya mahali anapoishi. Mama asiyeweza kutembea, kijana mwenye bodaboda ampeleke, mafuta tutachangiana.

Fomu za kugombea ni tarehe 26 Oktoba hadi 1 Novemba. Mwaka 2019 mwenzetu mmoja alienguliwa kwa sababu jina la fomu halikufanana na la orodha, herufi moja tu. Mwingine alikuta ofisi imefungwa siku mbili. Safari hii hakuna kujaza fomu peke yako usiku. Ijazwe mbele ya watu watatu, ipigwe picha kila ukurasa, irudishwe siku ya kwanza, na ukikuta ofisi imefungwa piga picha mlango na saa, kisha tupigie hapo hapo.

Na wale makamanda wawili tunawajua, ni ndugu zetu. Jumapili jioni mwenyekiti wa tawi atapita nyumbani kwao, si kuwagombeza. Vitongoji vyao bado havijapewa mtu mwingine.

Kura ni tarehe 27 Novemba.

_Imetolewa na Katibu Mwenezi wa Tawi, Jimbo la Singida Mashariki, Oktoba 2024. Sambaza kwa wanachama wasio na simu janja kwa kuwasomea._