Damu ya mtoto wa SS haina anayeikula

Swali tunaloulizwa zaidi katika mikutano yetu ni lile lile: mtoto huyu anaishiwa damu kila mara, nani anaikula? Na wengi wanaouliza wamekuja na jibu tayari. Ni bibi mzee, ni mke mwenza, ni shangazi asiyezaa. Juu ya jibu hilo nyumba zimevunjika na wazee wamefukuzwa. Ndiyo sababu tunarudi kwenye SS.

Wamama, ugonjwa huu ulikuwa wa kwanza ambao wataalamu walishuka mpaka ndani kabisa ya damu wakaliona kosa lenyewe. Kile kitu chekundu kinachobeba hewa katika damu kinaitwa hemoglobini. Mwaka 1949, Linus Pauling na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba hemoglobini ya wagonjwa hawa si sawa na ya watu wengine. Mwaka 1956, Vernon Ingram, huko Uingereza, aliona tofauti iko wapi. Hemoglobini imeungwa kwa minyororo, na mmoja wa minyororo hiyo una vipande 146. Kipande cha sita tu ndicho kimebadilika.

Kimoja kati ya 146! Lakini andikeni ubaoni «panda mti», halafu mbadilishe herufi moja: «pinda mti». Mtoto aliyeambiwa apande sasa atapinda. Chembe ya damu nayo hupinda. Ikiwa nzima ni ya mviringo na laini, inapita katika mishipa iliyo myembamba kuliko unywele. Ile ya SS ikikosa hewa inapinda kama mundu, inakuwa ngumu, inaziba njia, na mtoto analia mifupa usiku kucha. Chembe nzima huishi siku 120 hivi. Ya SS hufa baada ya siku 10 mpaka 20. Mwili unatengeneza nyingine lakini haufikii. Basi damu inaisha kwa kuvunjika upesi.

Mtoto huzaliwa akionekana mzima, kwa kuwa damu ya tumboni ni ya namna nyingine. Ile ikipungua, kufika kama mwezi wa sita, ugonjwa unajitokeza. Hapo ndipo watu wanaanza kuulizana ni nani aliyemtazama vibaya.

Kosa linatoka kwa wazazi wote wawili. Tuseme baba ana punje mbili mkononi, moja ya mahindi na moja ya kunde, na mama vilevile. Kila mmoja anatoa moja bila kutazama. Kunde mbili zikikutana, mtoto ni SS. Punje moja moja, ni AS: anabeba lakini kwa kawaida haugui. Wazazi wawili wa AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata SS, na mimba ya nyuma haisaidii ya mbele. Wababa wanaomrudisha mama kwao wakisema «damu yako ni mbaya» wasome sehemu hii mara mbili. Na wale wanaopeleka binti peke yake kupimwa kabla ya ndoa, wampeleke na kijana wao. Muulize pia ni kipimo gani: kile cha Emmel kinaonyesha kwamba kuna S, lakini hakitenganishi AS na SS. Elektroforezi ndiyo inayotenganisha.

Si jambo la watu wachache. Huko Kinshasa walipima watoto wachanga 31 204: karibu 17 kwa mia walikuwa AS, na 1,4 kwa mia SS. Mbona ni wengi hivyo? Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alieleza mwaka 1954: mtoto wa AS anakingwa na malaria kali, kwa hiyo penye mbu wengi hao ndio waliopona wakazaa. Lakini wa SS hana kinga hiyo, malaria inamuua upesi. Chandarua cha kwanza nyumbani kiwe chake.

Sasa kuna tiba mpya inayorekebisha chembe zenyewe, iliyokubaliwa Marekani mwaka 2023 kwa bei ya dola milioni 2,2. Tuwaachie. Kinachotuhusu ni kidonge cha zamani, hidroksiurea. Daktari Léon Tshilolo wa Kinshasa na wenzake wa Angola, Kenya na Uganda waliwapa watoto 606. Maumivu yalipungua zaidi ya nusu, malaria nayo karibu nusu, na vifo vilishuka kutoka 3,6 mpaka 1,1 kwa watoto mia kila mwaka. Kinahitaji daktari na vipimo vya damu, msikinunue sokoni. Lakini ni haki yetu kukiomba, na kuuliza mbona hakifiki kwetu kama dawa za malaria zinavyofika.

Wakati tunangoja, mama wa mtoto wa SS amnyweshe maji mengi na amkinge na baridi. Ajifunze kwa muuguzi kupapasa bandama, upande wa kushoto chini ya mbavu. Siku bandama imevimba ghafla na viganja vimekuwa vyeupe, au homa imepanda, asingoje asubuhi wala mkutano wa ukoo. Atafute pikipiki aende hopitali.