Spiriti Ndani ya Petroli



Natoa rai yangu juu ya hoja izukayo kila bei ya mafuta inapopanda, nayo ni ya kuchanganya petroli na ethanoli, yaani spiriti ya molasi, mihogo au mtama.

Jambo hili si bidaa. Malawi wanachanganya tangu 1982 kwa spiriti ya kiwanda cha Dwangwa, na jirani zetu wa Kenya walianza katika miaka ile ile ya themanini kwa kiwanda cha Muhoroni, kisha wakaacha. Sikanushi kwamba huokoa fedha za kigeni. Lakini spiriti hupenda maji. Na huku kwetu Iramba, ambako petroli huuzwa vijijini kwa chupa za plastiki zenye vizibo vilivyolegea, unyevu wa masika utaingia humo, maji na spiriti vitajitenga na petroli vitulie chini, na mwenye bodaboda, ambaye kabureta yake na mipira yake havikuundwa kwa mchanganyiko huo, ndiye atakayesukuma pikipiki hadi kwa fundi.

Tena lita yenye sehemu 10 kwa 100 za spiriti hupungukiwa nguvu kwa takriban sehemu 3 kwa 100, basi na bei yake ipungue kwa kadiri hiyo.

Ama mtama, huo ni ugali wetu. Wenye mamlaka wakiazimu, nawasihi watumie molasi, na kila pampu iandikwe waziwazi iuzacho.


Msomaji, Kiomboi, Singida