Mwalimu mpya ametoka wapi? Tuulize mbele ya kumpa chaki

Kuko tabia moja huku Masisi na Walikale ambayo sisi vijana tumechoka nayo. Mwalimu anampa mwanafunzi mimba, familia zinapatana kwa mbuzi, yeye anahamia kijiji kingine. Kule anapewa chaki tena, na hakuna anayeuliza.

Mbuzi haifuti kosa. Kwa sheria 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006, kulala na mtoto asiyefika miaka 18 ni ubakaji, hata wakisema "alikubali". Na kama mkosaji ni mwalimu wake, kifungo cha chini kinatoka miaka 5 kinafika 10.

Tunajua, vita imekimbiza walimu wengi na makaratasi yao yamepotelea njiani. Hatutaki mwalimu mkimbizi afungiwe mlango juu ya karatasi. Lakini direkta anaweza kupigia simu direkta wa zamani. Wazazi waliokimbia pamoja naye wako hapa: waulizwe. Na hapana kulipisha mtu hata franka moja.

Wazazi, mwalimu ambaye serikali haijamlipa, ni ninyi munamlisha. Anayelisha ana haki ya kuuliza. Kamati za wazazi, muanze leo. Na kesi ya mtoto ipelekwe kwa sheria, isimalizwe chini ya mti.